Karani Aliyeozesha Nyoka

Mimi nyoka siwapendi. Naanza hapo ili mtu asije akafikiri ninamsifu Karani kwa sababu ya wale wanyama wake, au kwamba miaka aliyokaa kwangu ilinibadilisha. Haikunibadilisha. Hata leo nikimwona nyoka kwenye migomba napiga kelele kwanza, mambo ya kibali na rangi yatafuata baadaye.

Alikuwa mpangaji wangu hapa Waithaka, nyumba ya nyuma ya vyumba viwili, na kila mtu alimwita Karani: watoto wa ploti, mama wa mboga, hata fundi wa viatu pale steji. Jina la kitambulisho lipo, ila ukiliita hakuna ambaye angegeuka, pengine hata yeye mwenyewe. Alifanya kazi katika ofisi ya ndoa katikati ya jiji. Ukitaka kuoana kiserikali ulipita kwenye meza yake, na hapo ulikutana na maswali matatu. Umri wenu. Kama kuna mke au mume mwingine mahali. Na kama ninyi wawili mna uhusiano wowote wa damu.

Hayo mawili ya kwanza aliyauliza huku anatafuta kalamu. La tatu aliinua uso kabisa.

Najua kwa sababu nilimsindikiza mpwa wangu. Tena njiani nilijigamba kwamba karani wa hapo ni mtu wangu, tutahudumiwa mbio. Wapi! Sheria inataka ndiyo au hapana. Karani alitaka nyanya mzaa baba, nyanya mzaa mama, na hao nyanya walitoka kwa nani kabla ya kuolewa. Mpwa wangu akapandwa na hasira.

"Karani, mimi nimezaliwa Dagoretti, huyu amezaliwa Siaya. Tutakuwa ndugu kupitia wapi?"

"Kupitia Adamu," Karani akasema, "lakini huyo anaruhusiwa." Akagonga muhuri.

Foleni nzima ilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa na sauti mbili: hiyo ya ofisini iliyosikika mpaka mlangoni, na ya nyumbani ambayo ilibidi uinamishe sikio. Na alikuwa na msemo wake aliourudia mpaka ukanichosha: "Kazi yangu ni kuoza watu. Nisipouliza, wataoza kweli." Mara ya kwanza nilicheka hadi nikashika ukuta. Baada ya hapo nilikuwa naondoka kabla hajaumaliza.

Siku alipokuja kutafuta nyumba, mimi ndiye niliyehojiwa. Nani alikaa hapa kabla yangu? Aliondoka kwa nini? Shamba ni la bwana au ni la wazazi wako? Nilimjibu kwa sababu alikuwa amevaa tai siku ya Jumamosi, na mtu mwenye tai Jumamosi humjui ni nani. Alipomaliza akasema kwa ile sauti ndogo, "Mama Shiru, jambo moja. Nina chatu wa mchanga."

Mimi nikasikia chatu mchanga. Nikamwuliza akishakuwa mkubwa atakula nini, atanila mimi?

"Si mchanga wa umri," akasema, "ni mchanga wa kulalia. Hakui zaidi ya mkono wako."

Akanionyesha kibali cha serikali. Baadaye alikitundika ukutani ndani ya fremu, pale ambapo Wakristo wengine hutundika kalenda ya kanisa. Watu wa wanyamapori walikuja kumkagua mara kwa mara, akawapikia chai, wakaondoka wameridhika. Nyumba ilikuwa imekaa tupu tangu mvua zilizopita. Nikasema sawa, ila nikimkuta mmoja nje ya hiyo nyumba, wewe na yeye mtatoka pamoja.

Basi, nyoka wenyewe. Ni wafupi, wanene, kichwa na mkia unaweza kuvichanganya. Mwilini wana rangi ya machungwa iliyofifia, na juu yake mabaka ya kahawia iliyokolea kama chai ya rangi iliyomwagika. Hawana sumu. Anawafuga ndani ya mabeseni ya plastiki yenye mfuniko, mchanga chini, balbu pembeni kuwapa joto, na mchana kutwa wamejizika humo, macho mawili tu yako juu. Mtu anaweza kumfuga mwaka mzima asimwone mgongo. Na Karani alitaka kitu kimoja tu kutoka kwao: rangi. Alitaka nyoka asiye na baka, machungwa matupu toka kichwa hadi mkia.

Nilimwuliza faida ya rangi ambayo inakaa chini ya mchanga ni nini.

"Wewe una kitambaa kizuri ndani ya kabati," akanijibu, "na sijawahi kukuona umekivaa."

Ni kweli ninacho.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mtu huyo aliogopa panya. Anafuga nyoka, anawashika kwa mkono mtupu, anawaita kwa majina ya heshima, lakini panya mweupe mdogo akimkimbilia miguuni Karani yuko juu ya kiti. Kuku pia hakuwaamini sana. Nyoka hawa chakula chao ni panya, kwa hiyo mnajua kilichofuata. Nani aliishia kufuga panya katika kile kibanda changu cha zamani cha kuku? Nani alikuwa akiwapeleka ndani ya kopo, huku mwenye nyoka amesimama mlangoni amegeuza uso? Nilikuwa nalalamika kila mara na kila mara nilikuwa napeleka. Nilisema siwapendi nyoka, sikusema wafe njaa.

Majirani walichukua muda kuzoea. Kuna wakati kikundi cha maombi cha hapa karibu kilikuja kwenye geti kukemea roho ya nyoka. Walipaza sauti kweli. Karani alitoka, tai shingoni, akasimama katikati yao, akafumba macho, na walipomaliza ndiye aliyesema amina kubwa kuliko wote. Kisha akawauliza kama kuna aliyetaka kufunga ndoa, maana wawili kati yao alijua wanaishi bila cheti. Hawakurudi tena.

Yeye mwenyewe kanisa lake lilikuwa Kangemi. Kutoka hapa kwenda Kangemi ni safari, na makanisa hapa Waithaka yamejaa, mengine ya watu wa kwao magharibi vilevile, nyimbo zilezile. Jua liwake, mvua inyeshe, Karani alikwenda Kangemi. Huko hawakujua habari ya nyoka. Hapa tulijua ya nyoka na hatukujua ya Kangemi, mpaka siku stima ilipopotea.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Waithaka si mchezo, baridi inakupata mpaka ndani ya blanketi. Stima ilienda asubuhi, balbu zikazimika, na nyoka hawa baridi inawamaliza. Nikamkuta Karani anachemsha maji kwa jiko la makaa, anajaza chupa, anazifunga kwa soksi zake, anazipanga kando ya mabeseni. Nikaleta thamosi zangu. Mchana wote tulijaza chupa, zikipoa tunajaza tena. Mkono ukiwa na kazi mdomo hulegea, nikamwuliza kitu ambacho kila mtu kwenye ploti alikuwa anajiuliza: yeye aliyeozesha nusu ya Nairobi, wake yuko wapi?

Akanieleza bila kuzungusha. Kulikuwa na msichana, zamani, wote wawili ni wa kwao Vihiga na walikutana hapa Nairobi wakiwa vijana. Mambo yakafika kwa wazee. Wazee wakauliza kama ilivyo desturi, ukoo wa baba, ukoo wa mama, wakafika kwa nyanya wa yule msichana, mzaa mama yake. Nyanya huyo alizaliwa katika ukoo wa Karani. Mambo yakaishia hapo. Kwao ukoo ni damu, hata kama ni damu ya mbali kiasi cha kutoonekana. Wakamwambia, huyo ni dada yako. Wakamwambia watoto wenu watazaliwa na kasoro, na lawama itakuwa juu yako.

"Ukakubali?" nikamwuliza.

"Nilikubali."

"Na yeye?"

"Alilia. Kisha akaolewa na mtu mwingine, mtu mzuri." Akashika chupa kuona kama bado ina moto. "Anaimba katika kwaya ya akina mama pale kanisani Kangemi. Hukaa mbele yangu kidogo."

Haiya! Nilitaka kumkemea, nikaona uso wake, nikaacha. Kilichonikasirisha ni vile alivyolisema, bila uchungu, kama mtu anayesoma tangazo. Aliamini. Kwake yeye hao wazee walimwokoa na jambo baya, na hao watoto wenye kasoro aliwaona kabisa akilini mwake, na kila aliyefika mezani pake alikuwa anamwokoa vilevile. Wako waliorudi nyumbani bila ndoa kwa ajili ya swali lake ingawa sheria haikuwa na neno nao. Alinisimulia hao kwa fahari.

Sasa mtaelewa kwa nini suala la nyoka lilikuwa kubwa kuliko nyoka.

Jozi yake ya kwanza alipewa na Daktari wa Loresho. Huyu ni mama mmoja, daktari wa mifugo aliyestaafu, mcheshi, mwenye kibali cha kufuga nyoka tangu zamani, na alikutana na Karani mezani alipokwenda kuolewa mara ya pili akiwa na mvi zake tayari. Karani akamwuliza habari za nyanya zake. Daktari akacheka mpaka akashindwa kusaini. Urafiki ukaanzia hapo. Akampa dume kutoka Garissa na jike kutoka Kitui, na Karani akafurahia sana, maana Garissa na Kitui hawawezi kuwa na nyanya mmoja.

Nyoka hawa hawatagi, wanazaa. Jike la Kitui likazaa watoto wembamba kama penseli, wote wana mabaka kama wazazi, isipokuwa dume mmoja. Huyo hakuwa na baka hata moja. Alikuwa machungwa matupu, macho mekundu. Nakiri nilimwangalia mara mbili.

Daktari ndiye aliyetueleza, akiwa amekaa kwenye kiti changu anakunywa chai. Rangi hiyo hujificha. Nyoka anaweza kuibeba damuni asiionyeshe, na itatokea tu akikutana na mwingine anayeibeba. Baba na mama wote walikuwa wanaibeba, ndiyo maana yule mmoja akatokea. Ukitaka wengi, akasema, ni rahisi: mngoje huyu dume akue, umrudishe kwa mama yake. Ndivyo wafugaji wote wafanyavyo duniani.

Karani aliweka kikombe chini. "Mama yake?"

"Ama dada zake. Hao ni wengi, lazima wapo wanaoibeba."

"Daktari, hapana."

"Karani, nyoka hana ukoo!"

"Yeye hana," Karani akasema. "Mimi ninao."

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama chai yangu. Palepale Karani akaamua: dume ataishi peke yake mpaka apatikane mchumba wa mbali anayeibeba rangi, na dada wote waondoke nyumbani wasije wakaleta kishawishi. Daktari akawachukua, akasema kuna mfugaji Naivasha atawapelekea. Karani akamwomba asimletee habari zao tena. Kwao, alisema, msichana akishaolewa hafuatwi-fuatwi. Hakuweka alama yoyote, hakuandika popote. Kazini, alisema, anaandika vya kutosha.

Miaka ikaenda. Dume akakua, akawa mzuri kwa kweli, nasema hivyo nikiwa nje ya dirisha. Karani akaulizia kila mwenye kibali aliyemjua. Mwingine alikuwa na jike lakini baba wa jike huyo na baba wa dume wa Karani walitoka sehemu moja ya Garissa, Karani akakataa. Mwingine hakujua jike wake katoka wapi, akakataa haraka zaidi. Nikamwambia, wewe utamngojea huyu kijana mchumba mpaka afe kapera. Nilipolisema nikajiuma ulimi. Yeye akasema tu, "Bora kapera."

Kisha Daktari akapiga simu. Kuna jike Loresho, kubwa, lenye afya, na linaibeba rangi, hilo analihakikisha. Karani akaja mlangoni kwangu na ile tai.

"Mama Shiru, vaa. Tunakwenda kuposa."

"Kwenda na wewe kufanya nini?"

"Mwanamume haendi kuposa peke yake."

Mimi, mtoto wa watu, mzee wa kanisa, nikavaa kile kitambaa cha kabatini nikaenda kumposea nyoka. Tena nilibeba sukari na majani chai, kwa sababu hata kama ni upuuzi huwezi kwenda mikono mitupu. Daktari alitupokea kwenye veranda, akaona tai, akaona sukari, akaingia ndani kwanza kucheka. Alipotoka alikuwa na beseni. Karani akafunua, akaingiza mkono kwenye mchanga, akamtoa. Alikuwa mnene, mabaka yake ya kawaida, ametulia. Umri wake na wa dume ulikuwa karibu sawa, na hilo pia Karani alilipenda.

Akakaa wima. Akauliza kwa sauti ya ofisini, "Daktari, huyu ni wa nani?"

"Ni wetu, Karani," Daktari akasema, akitabasamu. "Wetu kabisa."

Karani akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama wazee wafanyavyo wakisharidhika. Hakuuliza zaidi. Mtu aliyedai nyanya wa mpwa wangu mbele ya foleni nzima hakuuliza mama wa huyu ni nani, na hakuuliza Daktari amejuaje kwamba anaibeba rangi. Kitu ukikitaka sana hukupunguza masikio.

Tuliporudi tulishuka Kangemi kubadilisha gari, na hapo akanisimamisha kando ya soko. "Umesikia? Ni wao kabisa." Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo, beseni kifuani. Kisha akanionyesha kwa kidevu mama mmoja mwenye meza ya mboga, amevaa sweta la kijani, akaniomba niende nikamnunulie mrenda. Nikamwambia aende mwenyewe, miguu anayo. Akasema hapana, nenda wewe. Nikaenda. Mama yule alinipimia mrenda, akaniongezea maneno matamu, mjukuu wake amekaa chini ya meza anachezea vifuniko. Hakumwona Karani, au alimwona akaendelea na kazi. Nilirudi na mboga, nikiifikiria ile kwaya ya akina mama.

Ndoa ilifungwa. Ndiyo, aliifunga kwa maneno, mlango umefungwa, mimi shahidi nje. Sitasimulia. Jike likashika mimba, likaacha kula, likawa linalala kando ya balbu tumbo limejaa, na Karani akawa anarudi kutoka mjini mbio bila kupitia popote. Alikuwa anakaribia kustaafu na ofisini walikuwa wanamwuliza atafanya nini. Alikuwa anawaambia ana shughuli ya kifamilia.

Walizaliwa majuzi, msimu huu wa mvua, Jumamosi asubuhi. Aliniita kwa sauti ya ofisini mpaka sufuria ikaniponyoka. Na mimi ninayesema siwapendi niliingia ndani ya ile nyumba kwa mara ya kwanza bila kopo la panya wala thamosi mkononi. Karibu nusu yao walikuwa machungwa matupu. Wamejikunja juu ya mchanga, bado wana unyevu, hata hawajajua kujizika, na rangi ilikuwa inawaka chini ya balbu. Karani alikuwa amepiga magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nilifurahi kwa ajili yake, nilifurahi kweli, na nikamwambia, "Umeshinda, Karani. Ulingoja na umeshinda."

Mchana Daktari akaja kutoka Loresho na keki. Akawaangalia, akapiga makofi, akamkumbatia Karani aliyekuwa amesimama kama mti.

"Unaona sasa? Mimi nilikwambia toka zamani. Dada na kaka, na angalia!"

Nilidhani ni mzaha wake. Karani akasema, "Dada wa nani?"

"Wa huyu dume. Si ndiye yule mmoja niliyebaki naye, wengine ndio walienda Naivasha." Tabasamu lilianza kumtoka. "Karani, si nilikwambia ni wetu? Wako na wangu. Wetu. Nikajua umechoka kungoja, umeamua kufumba macho. Hata nikasema moyoni, afadhali."

Nilimwona Karani akirudi nyuma hadi ile siku ya veranda, akilisikia lile neno upya. Wetu. Yeye alikuwa amelisikia kwa masikio ya mzee wa posa: wetu sisi, si wenu. Daktari alikuwa amelisema kwa mdomo wa rafiki.

Daktari akaomba msamaha, mara nyingi, kisha akaona haisaidii, akaacha keki mezani akaenda zake. Mimi nilibaki. Nilitarajia Karani akasirike, au aseme wapelekwe mbali, au aombe. Alichukua tochi. Akaketi kwenye kile kigoda chake, akamtoa mtoto wa kwanza kutoka kwenye beseni, akamnyoosha juu ya kiganja. Akaangalia macho, taya, akampapasa uti wa mgongo kwa kidole gumba polepole hadi mkiani. Akamrudisha. Akamchukua wa pili. Mwenye mabaka, asiye na mabaka, wote aliwapitia hivyo, na mimi nikadhani anawahesabu, au anawaaga.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anatafuta kasoro.

Alipofika wa mwisho alianza tena na wa kwanza. Nilijikuta namwombea apate. Mungu anisamehe, nilimwombea apate hata mmoja, jicho moja bovu, mkia mmoja uliopinda, kitu chochote cha kushika. Wale watoto walikuwa wanajizungusha vidoleni mwake, wepesi, wazima, mmoja akamng'ata kidogo kwa ukali wake wa saa chache.

"Hakuna," akasema.

"Basi, Karani. Waache wapumzike."

"Hawa ni tumbo moja, Mama Shiru. Baba mmoja, mama mmoja." Alizima tochi. "Kwa yule msichana ilikuwa nyanya tu. Nyanya mzaa mama."

Nilisema kitu kuhusu chai. Sijui nilisema nini.

"Ningemwoa," akasema.

Kisha akafunika beseni, akahakikisha mfuniko umeshika pande zote, akaenda nje kunawa mikono.